Tupeane uzoefu: video za zamani za treni za mvuke na dizeli, wewe umemwona nani?

Mtoto wa Kota
Wanajamvi habari za jioni. Nimekulia kota za reli hapa Dodoma mjini. Wiki iliyopita mwanangu alinitumia video ya dakika kumi hivi, filamu za miaka ya 60 na 70 zilizopigwa na wageni waliokuwa wakizunguka Afrika Mashariki kufuata vichwa vya mvuke. Haina sauti hata chembe. Nikampelekea mzee wangu, alikuwa pointimani, yule wa kugeuza njia.

Mara ya kwanza akaitazama kimya. Mara ya pili akaanza kuitia sauti kwa mdomo wake: filimbi ya gadi, mabehewa yanavyogongana kichwa kikiunganishwa, na kile kikohozi cha kichwa kinapoanza kuvuta mzigo magurudumu yanateleza. Mama akatoka jikoni kuuliza mzee ana nini.

Kinachonikera ni kwamba mpiga picha anafukuza kichwa tu. Watu wetu wamo pembeni, sekunde moja, tena nusu wamekatwa. Kama umewahi kuziona hizi video ukamtambua mtu, stesheni au hata mti, hebu tupia hapa.

Fayamani Mstaafu
Marahaba kwa wadogo wote. Nilianza kazi ya faya, yule wa kutunza moto wa kichwa, 1968, enzi za Reli ya Afrika Mashariki, mabehewa yakiwa rangi ya damu ya mzee na maziwa. Nimepanda sana vile vichwa vya daraja la 30, vilivyotoka Uingereza katikati ya miaka ya 50. Kila kimoja kilikuwa na kibao chenye jina la kabila.

Naomba niwasahihishe jambo. Naona kwenye hizo video mnashangilia moshi mweusi. Sisi tulikuwa tunachoma mafuta mazito, wala si makaa ya mawe, kwa hiyo hakuna mtu wa kupiga koleo. Kazi ya faya ilikuwa kukaa na vali zake: ya mafuta, ya mvuke wa kuyapuliza, na hewa. Bomba likitoa ukungu mwembamba wa kijivu, hapo umepatia. Likitoa moshi mweusi muda wote, unachezea mafuta na dereva atakutukana mpaka Manyoni.

Isipokuwa wakati wa kusafisha. Masizi yakijaa kwenye mabomba ya bwela, lile tangi la kuchemshia maji, unachota mchanga, unautupia kwenye tundu la mlango wa moto. Mvuto unaunyonya, unakwangua masizi, na juu linatoka wingu kama mwisho wa dunia. Akina mama walioanika nguo kando ya reli walikuwa wanatujua kwa majina. Siku moja mzungu mwenye kamera alikuwa amesimama juu ya tuta, dereva wangu akaniambia, "Tupia tena, hajamaliza yule." Sikutupia. Mchanga ule ulikuwa wa safari nzima.

Area C
Shikamoo mzee. Kuna video imeandikwa "Dodoma", ina lile dude lenye matangi mbele na nyuma, Garratt, namba zinaanza na 59. Uliwahi kulipanda?

Fayamani Mstaafu
Marahaba. Aliyeandika hivyo amekudanganya. Zile 59 zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester kwa Beyer Peacock, na kazi yake ilikuwa Mombasa na Nairobi. Ukiona 59, jua hiyo ni njia ya Kenya, hata waandike Dodoma kwa wino wa dhahabu. Zilipewa majina ya milima. Mbili zimebaki makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili ni ya kwetu, lakini vyuma viko kwao. Ndivyo ilivyokuwa mali ya pamoja mpaka jumuiya ilipovunjika 1977.

Mama Zabibu
Mie mambo ya namba siyajui. Mama yangu alikuwa anauza kuku na wali stesheni ya Saranda, na mie nambebea ndoo ya maji. Treni ya mvuke ilikuwa na kiu, ikisimama inywe maji na sisi tunauza. Abiria anashuka, ananawa, anabishana bei, anakula, anarudishiwa chenji yake. Ilipoingia dizeli, eti kila mtu anafurahi inakwenda haraka! Dizeli haina kiu. Tukawa tunauzia dirishani huku tunakimbia, sahani ya mtu imekwenda Tabora. Mpaka leo nadai sahani.

Wa Kilosa
😂 Mama Zabibu, sahani zako tulizikuta sisi tuliosoma Tabora.

Mie niliona kipande cha treni ikipita kati ya Kidete na Godegode, reli iko kando ya mto na mto wenyewe umetulia tuli. Mto uleule uling'oa njia mwishoni mwa 1997, ukarudia Desemba 2009. Mwaka 2010 ilibidi tupande basi mpaka Dodoma ndipo tuikute treni. Niliisimamisha ile video nikawa nauangalia tu ule mto.

Fundi Picha Majengo
Kwa wenye makopo ya filamu ndani: ukifungua kopo likanuka siki, filamu imeanza kuoza. Usiipitishe kwenye projekta ya zamani, itachanika matundu ya pembeni. Itenge na nyingine, iweke penye baridi, tafuta mtu wa kuiskani picha moja moja. Jamaa aliniletea moja ameihifadhi juu ya kabati chini ya bati, kwa jua letu hili la Dodoma. Nilichoweza kuokoa ni kipande kifupi cha behewa la mizigo na mbuzi.

Halafu kuhusu watu kutembea mbio mbio kwenye hizo video. Rili moja ya futi 50 ya Super 8, zile filamu nyembamba za kamera za nyumbani, ilipigwa kwa picha 18 kwa sekunde, inakwenda dakika 3 na sekunde 20. Wengi wanaziweka mtandaoni kwa picha 24. Nenda kwenye mpangilio wa kasi, weka 0.75. Kila mtu atarudi kwenye mwendo wake.

Mtoto wa Kota
Fundi, Mungu akubariki. Nimeweka 0.75 leo mchana. Dakika ya sita, ile stesheni iliyoandikwa Saranda, kuna mtu anapokea kibali cha njia, ile ruhusa ya treni kuingia kipande cha reli, kwenye kile kitanzi huku treni inapita. Kwa kasi ile ya mwanzo nilidhani ni mtoto. Mzee kasema hapana, mkono ule ni wa mtu aliyeumia bega, na anamjua, walifanya kazi pamoja. Amekataa kutaja jina kwanza mpaka awe na hakika.

Mama Zabibu
Nimeifungua na mie. Hiyo si Saranda. Huo mwembe upande wa kulia kwetu haukuwepo. Hiyo ni Kintinku.

Mtoto wa Kota
Mzee anasema Saranda.

Mama Zabibu
Mwambie mzee wako shikamoo, halafu mwambie mie niliuza pale miaka tisa.