Chamonix: mbona sanamu kuu haina Dk. Paccard?

Mpitanjia:
Wanajukwaa, salaam. Nitapita Chamonix, mji mdogo wa Ufaransa ulio chini ya Mont Blanc, nami sikusudii kupanda mlima bali kutembea mitaani nikitazama sanamu na michoro. Nimesoma kwamba waliofika kileleni kwanza, tarehe 8 Agosti 1786, ni wenyeji wawili: Jacques Balmat, mtafuta fuwele, na daktari Michel-Gabriel Paccard. Mbona basi katika sanamu kuu Balmat amesimama na mtu mwingine kabisa?

Bint Saidi:
Ndugu Mpitanjia, huyo ni Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, ambaye mwaka 1760 aliahidi zawadi kwa atakayepata njia ya kufika kileleni, naye akapanda mwenyewe mwaka 1787 akiongozwa na Balmat. Sanamu hiyo ya shaba nyeusi, kazi ya Jules Salmson, ilizinduliwa mwaka 1887, miaka mia moja baada ya safari ya Saussure. Hata hivyo, maelezo hayo ya tarehe hayaniridhishi. Kwa muda mrefu ilikuwa imeenezwa habari kwamba Balmat ndiye aliyefanya kazi yote, na kwamba daktari alikuwa mzigo wa kukokotwa. Ukiitazama kwa makini, Balmat ananyoosha mkono kuelekea kilele, Saussure anaufuata kwa macho, na mpangilio umekamilika kiasi kwamba mgeni hawezi hata kushuku kuwa yupo aliyeachwa. Ni kazi nzuri sana, na ina dhuluma ndani yake.

Mwalimu Juma:
Naafikiana na Bint Saidi. Bwana mmoja wa Kijerumani, von Gersdorff, aliwatazama Balmat na Paccard wakipanda kwa darubini kutoka bondeni, akaandika na kuchora alichokiona. Kumbukumbu zake zilisaidia baadaye kumrudishia Paccard heshima yake. Sanamu ya daktari iliwekwa mwaka 1986 tu, mwendo mfupi kutoka ile ya kwanza. Ameketi, ameinua uso kuutazama mlima, wala hakuna anayemwonyesha njia. Wapo wanaoona kwamba ile ya zamani ingepaswa kurekebishwa. Mimi napinga, kwa sababu zikiwa mbili, kila mpita njia anaweza kujionea mwenyewe jinsi mji ulivyokosea na jinsi ulivyochelewa kulipa deni.

Roshani:
Nyongeza kwa ndugu yetu: usiondoke bila kuona ukuta uliochorwa waongozaji mashuhuri wa Chamonix, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1821. Wamechorwa kana kwamba wamesimama kwenye roshani za kweli, na kutoka mbali jicho hudanganyika. Kwa sanamu, nenda asubuhi, kwani mchana mawingu mara nyingi hufunika kilele, na hapo mkono wa Balmat huelekea kwenye ukungu mtupu.