Kaktasi yangu inaoza kwa chini, nisaidieni

BintiLangoni:
Asalaam aleikum. Mwaka jana nilinunua kaktasi kwenye kitalu kimoja Malindi, ile inayotoa machipukizi pembeni kama mgomba. Niliambiwa ni Echinocereus engelmannii. Ilikuja na mashina matatu, sasa yamefika saba, yamebanana chunguni. Nimeiweka kiwandani, ule uwanja mdogo wa ndani ya nyumba, hapa Lamu. Tangu masika yaanze, mashina mawili yamegeuka kahawia kwa chini, na jana nilipoligusa moja kwa kijiti likatoa maji. Ua halijatoka hata moja. Naipenda mno, nifanyeje?

FundiBustani:
Waaleikum salaam dada. Umepanda kwenye udongo gani? Na maji?

BintiLangoni:
Mchanga wa ufuoni, maana ni mmea wa jangwani. Maji ya kisima, kila Ijumaa.

MzeeWaMiti:
Mwanangu, shida ndiyo hiyo. Mchanga wa ufuoni una chumvi, tena ni laini, ukilowa hushikana na mizizi ikakosa hewa. Kwao, majangwa ya Sonora na Mojave huko Marekani na Meksiko, humea kwenye changarawe, maji yakapita moja kwa moja.

Ing'oe leo hii. Ishike kwa gazeti lililokunjwa, miiba yake haina huruma. Kata yaliyooza, kisu ukipanguse kwa spiriti kila unapokata, mpaka ufike kwenye nyama isiyo na doa la kahawia hata kidogo. Mazima yaache kivulini penye upepo hadi vidonda vikauke kabisa, hata wiki mbili. Kisha changanya kokoto ndogo na mchanga wa mto sehemu mbili, udongo sehemu moja. Chungu kiwe na tundu. Ukishapanda, subiri wiki nzima ndipo utie maji.

FundiBustani:
Maji ya jabia, lile birika la maji ya mvua, ni bora kuliko ya kisima. Tia maji udongo ukishakauka mpaka chini, usifuate siku. Kiwandani jua ni haba. Ipandishe juu darini, kidogo kidogo isiungue, ila mvua isiifikie.

Kuhusu ua, kwao majira ya baridi usiku huwa wa baridi kali, na hilo ndilo huiandaa kuchanua. Kwetu joto halikatiki, basi angalau miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, punguza maji sana. Tumba hupasua ngozi ya shina likitoka, usidhani ni ugonjwa. Ua ni la waridi iliyokoza, katikati kijani, hufumba usiku na kufumbua asubuhi.

BintiLangoni:
Nimeshaing'oa. Matano yamepona, yako kivulini. Niyapande pamoja au kila moja na chungu chake?

MzeeWaMiti:
Pamoja, mwanangu. Yaachie nafasi ya vidole viwili, machipukizi yatajaza yenyewe.