Ushauri: gari linagoma kukata kona Charlotte, nikikanyaga mafuta mkia unachomoka

KonaYaNne
Wakuu, naombeni msaada, mbio za ligi yetu ya mtandaoni zimekaribia na gari bado halijakaa sawa. Nacheza NASCAR (mbio za magari za Marekani) kwenye kompyuta, na gari la Cup, daraja la juu, la kabla ya 2022, lile lenye ekseli moja nzima nyuma. Uwanja ni Charlotte, maili 1.5, kona zimelala nyuzi 24.

Tatizo liko hivi: nikiingia kona ya 3 gari linatii vizuri. Katikati pua inagoma, nazidisha usukani na bado linapanda kuelekea ukutani. Nikianza kukanyaga mafuta kutoka kona ya 4, mkia unachomoka na kunigeuza. Nimeongeza weji (sehemu ya uzito inayobebwa na tairi za nyuma kushoto na mbele kulia) ili nyuma itulie, nikashusha na trakiba (chuma kinachoshika ekseli ya nyuma isiyumbe pembeni), ndiyo kwanza limezidi. Setapu (mipangilio ya gari) za kupakua nazo kwangu hazikai. Nianzie wapi?

FundiSpringi
Mkuu, hapo una ugonjwa mmoja, si miwili. Mkia hauna shida, shida ni pua.

Pua ikigoma katikati, unakata usukani kupita kiasi ambacho tairi za mbele zinaweza kushika, kwa hiyo zinaburuza. Kule kuburuza kunapunguza mwendo, na mwendo ukishuka tairi zinashika tena ghafla wakati usukani bado umekatwa sana. Pua inaruka ndani, mguu wako uko kwenye mafuta, nyuma lazima iachie. Ndiyo maana dawa yako imezidisha: weji inaongeza uzito nyuma kushoto na mbele kulia. Uwanja wa kukata kushoto tu, tairi ya mbele kulia tayari ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote, na wewe umeibebesha zaidi. Trakiba ukiishusha, nayo inaigandisha nyuma, pua inazidi kugoma.

Hakikisha kwanza. Fungua marudio, weka kamera ndani ya gari, tazama mikono ya dereva tu. Ukiona usukani unazidi kukatwa *kabla* mkia haujaondoka, jibu ndilo hilo. Kisha rudisha weji na trakiba ulikozikuta, halafu punguza weji nusu asilimia kwa nusu asilimia. Kitu kimoja tu kwa wakati. Ukigusa vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimekusaidia.

TaratibuTu
Nakubaliana na Fundi, ila kabla ya kushika spana angalia na mguu. Watu wengi huingia kona ya 3 na mwendo mkubwa mno, pua ikigoma wanalaumu setapu. Achia mafuta mapema kidogo, acha gari lishuke lenyewe hadi mstari wa ndani, uone kama bado linagoma.

FundiSpringi
Kweli kabisa, lijaribu hilo kwanza, halikugharimu kitu. Ila kama linagoma hata ukiingia polepole, ni setapu.

SautiYaV8
Mimi nina maswali mawili. Tepu ya grili (ya kuziba tundu la hewa mbele ya gari) umeweka kiasi gani? Na unapojaribu, uko peke yako au nyuma ya mtu? Ukimfuata mtu kwa karibu pua inakosa upepo wa kuikandamiza, na gari lolote litagoma kidogo. Hiyo usiitibu kwa setapu, sogea nusu gari pembeni upate hewa.

KonaYaNne
Najaribu peke yangu. Tepu nilipunguza sana maana injini ilikuwa inapanda joto kwenye msururu wa magari.

TaratibuTu, nimeingia taratibu, bado linagoma. Marudio nimetazama, Fundi uko sahihi, usukani unakatwa mara ya pili kabisa kabla mkia haujatoka.

SautiYaV8
Basi tepu nayo inachangia. Grili ikizibwa, hewa inapita juu ya pua na kuikandamiza. Ukiifungua, inaingia kwenye rejeta, injini inapoa lakini pua inakuwa nyepesi. Rudisha sehemu, usirudishe yote. Joto likipanda kwenye msururu, chomoza pua pembeni kwenye njia iliyonyooka.

KonaYaNne
Mrejesho wakuu. Weji imeshuka, tepu nimerudisha kidogo, na mkia umetulia bila kuugusa! Kutoka kona ya 4 sasa nakanyaga mafuta mapema kuliko mwanzo. Kilichobaki: baada ya mizunguko mingi pua inaanza kugoma tena. Joto la tairi ya mbele kulia, ukingo wa nje uko juu kuliko ndani, katikati iko kati yao.

FundiSpringi
Safi sana! Hiyo ni kamba, yaani mlalo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele. Ukingo wa nje unafanya kazi peke yake, kwa hiyo laza upande wa juu wa tairi hiyo kuelekea ndani zaidi, yaani ongeza kamba hasi kidogo kidogo hadi ukingo wa ndani uzidi wa nje kwa nyuzi chache za joto. Upepo wa tairi usiuguse, huo ungeushusha kama katikati ndiyo ingekuwa na moto kuliko kingo zote mbili. Na usipime kwa mizunguko miwili ya tairi mpya. Kimbia tenki zima, maana tenki liko nyuma, na mafuta yakipungua uzito wa gari unahama.