Kupunguza pombe: kidogo kidogo, kuacha mara moja, au vidonge?

Msafiri_Kati: Wakuu, habari za jioni. Jumatatu naanza likizo na nimeamua lazima pombe ipungue. Nimebaki na njia tatu: kupunguza kidogo kidogo, kuacha kabisa siku hiyo hiyo, au vidonge ambavyo muuzaji wa duka la dawa anasema nikivitumia pombe nitaichukia. Ipi imemsaidia mtu hapa?

Fundi_Bomba: Mkuu, unakunywa nini, kiasi gani, kila siku au wikendi tu? Bila hayo tutabahatisha.

Mwana_Usangu: Acha mara moja. Anayepunguza anajidanganya. Mshahara ukitoka, zinarudi palepale.

Koku: Si kweli, mimi nilipunguza na nimetulia. Kula ushibe kabla ya kutoka. Bia moja, maji chupa moja. Beba hela ya bia mbili tu, na simu yenye salio iache nyumbani. Kubwa zaidi, jitoe kwenye ofa za kuzungushana. Ukishanunuliwa unajiona unadaiwa, na hapo hutoki mapema.

Zege: Bia zinajaza tumbo bure. Hamia nyagi, ile pombe kali ya Konyagi, kichupa kidogo kimoja unalala.

Fundi_Bomba: Zege, piga hesabu. Kichupa cha mililita 200 chenye kilevi asilimia 35 ni mililita 70 za kilevi kitupu. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ni mililita 25. Hapo umemwongezea, hujampunguzia. Na mwenye mada bado hajajibu.

Msafiri_Kati: Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni kila siku, bia nne hadi sita, wikendi naongeza nyagi. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka nizimue, yaani ninywe tena kidogo.

Mama_Tumaini: Mdogo wangu, hilo la mikono ndilo ungeanza nalo. Usiache ghafla ukiwa peke yako. Kaka yangu aliahidi mbele ya wazee kwamba hagusi tena, na kweli hakugusa. Siku ya kwanza jasho na kutetemeka, tukasema ni arosto itapita. Usiku wa pili hakulala. Siku ya tatu akaanza kuona wadudu ukutani, akimwita marehemu baba, kisha akaanguka kifafa sebuleni. Majirani wakasema ni mashetani, shemeji akataka aitwe mtu wa kumsomea, saa zikapotea. Hospitali ndiko tulikoelezwa kuwa mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kufanya hivyo, na mtu anaweza kufa. Wakamlaza, wakampa dawa za kumtuliza na vitamini B1, wakazipunguza siku hadi siku. Laiti tungejua mapema tungempeleka kabla hajaacha.

Mwana_Usangu: Pole dada. Ila wengi wameacha ghafla na wako wazima.

Mama_Tumaini: Wapo. Je, walikuwa wakizimua asubuhi?

Siti_wa_Tanga: Nami naomba msaada hapo kwenye vidonge. Nimeambiwa nimsagie mume wangu kwenye chai bila yeye kujua.

Nesi_Kijijini: Dada Siti, usithubutu. Kama ni disulfiram, mtu akinywa pombe juu yake anatapika, uso unawaka, moyo unakwenda mbio, presha inaweza kushuka vibaya. Hata dawa ya kikohozi yenye kilevi inaweza kumletea hayo, na nguvu yake hudumu hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Anayeitumia lazima ajue na apimwe ini. Msafiri, ipo pia naltrexone, hiyo hupunguza hamu, lakini haiendi pamoja na dawa kali za maumivu kama tramadol na morfini. Zote ni za kuandikiwa na daktari, si za kununua dirishani.

Zege: Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali, Machi 2017, watu wakaacha kunywa?

Wa_Kisauni: Huku Kenya sheria ya 2010 ilizuia baa kuuza kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi. Binamu yangu ilimsaidia, alikuwa mtu wa kuanza saa nne asubuhi.

Zege: Mwingine atanunua jana yake.

Msafiri_Kati: Nimewasoma wote. Bima ninayo, nitamwona daktari kabla ya Jumatatu. Kupunguza bado kunanivuta kuliko kuacha kabisa.

Koku: Jaribu na bia isiyo na kilevi.

Mwana_Usangu: Ladha ile ile, baa ile ile? Atarudia tu.

Koku: Si lazima anywee baa. Mimi nainywea nyumbani na chakula cha usiku.

Siti_wa_Tanga: Hiyo kwa Tanga inapatikana wapi?