Naomba ushauri: nifanyeje picha za maonyesho zitoke vizuri kwenye karatasi?

Bint Kusini

Assalaam alaykum wanajamvi, na wakubwa shikamooni.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikipiga picha za kina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani. Kilimo hiki kilianza kibiashara huku kwetu Zanzibar mwaka 1989, na baadhi ya niliowapiga wamo tangu wakiwa wasichana. Mama yangu mzazi ni mmoja wao. Mwezi wa saba nimepewa ukumbi Mji Mkongwe, nyumba ya zamani yenye kuta za chokaa, nitundike picha 18. Zimebaki wiki saba.

Kinachonikosesha usingizi ni uchapaji. Nilipeleka picha tatu za majaribio kwenye duka moja, saizi ya A2. Ziliporudi nilikaa nazo kitandani nikalia. Nyuso zimekuwa giza, macho hayaonekani. Kanga nyekundu imekuwa rangi ya tofali. Ukisogea karibu, kamba na vigingi vya mwani vimevurugika kama vimechorwa kwa mkaa. Na picha hizo hizo kwenye laptopu yangu ni safi kabisa! Mwenye duka anasema ubovu umo kwenye faili.

Kamera yangu inatoa pikseli 6000 kwa 4000. Picha tano nilipiga kwa simu, pikseli 4032 kwa 3024. Bajeti yote, pamoja na fremu, ni shilingi milioni 1.8. Je, A2 ni kubwa mno kwa kamera hii? Nitafute karatasi gani? Na nimwambie nini mchapaji ili sura za hawa mama zionekane? Nimewaahidi, na wote watakuja siku ya ufunguzi.

Mchapaji wa Ilala

Pole sana dada. Mimi kazi yangu ni kuchapa, niko Dar. Kabla sijasema lolote nina maswali matatu. Faili uliyatumaje? Yalikuwa katika mfumo gani wa rangi, sRGB ule wa kawaida wa skrini na simu, au Adobe RGB wenye rangi pana zaidi? Na ulipozirekebisha hizo picha, mwanga wa skrini yako ulikuwa kiasi gani?

Bint Kusini

Ahsante kaka. Nilituma kwa WhatsApp, picha za kawaida. Rangi ni Adobe RGB, niliambiwa ndiyo bora. Skrini huwa naiweka mwisho kabisa kwa sababu nafanyia kazi barazani.

Mchapaji wa Ilala

Basi hapo kila kasoro uliyoitaja ina chanzo chake.

Kuvurugika kwa kamba: ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa na pikseli zinapunguzwa. Duka lilipokea kivuli cha picha yako, likakivuta mpaka A2. Tuma kama hati, au peleka kwa fleshi.

Kanga kuwa tofali: faili la Adobe RGB lina maelezo ya rangi yanayosafiri nalo. Yakipotea njiani, au mashine ya duka ikiyapuuza, namba zile zile zinasomwa kama sRGB na rangi kali zinapooza. Nyekundu na kijani ndizo zinazoumia wazi. Kwa duka usilolijua, geuza nakala iwe sRGB kabla ya kutuma, ila faili lako la asili libaki lilivyo.

Giza: hili ndilo kosa ninaloliona kila wiki. Skrini iliyowashwa mwisho inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inaakisi tu mwanga wa chumba. Unaona picha inang'aa, kumbe inayong'aa ni skrini, na wewe unaendelea kuipunguza mwanga ili ikae sawa. Ingia ndani, kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua, weka karatasi nyeupe tupu pembeni ya laptopu, kisha punguza skrini mpaka weupe wake ulingane na weupe wa karatasi ile. Utashtuka ni kiasi gani itashuka. Ndipo urekebishe picha upya.

Kuhusu saizi usiwe na hofu. A2 ina urefu wa inchi 23.4, kwa hiyo kamera yako inakupa kama pikseli 256 kwa kila inchi. 300 ni ya kushika mkononi. Picha ya ukutani mtu anaitazama akiwa hatua moja au mbili, 200 inatosha. Za simu kwa A2 zitashuka hadi 172, hizo zipeleke A3.

Jambo moja linalosahaulika: picha ya kamera ina umbo la 3 kwa 2, A2 haina. Ukiacha duka liamue, litakata pembeni, na huenda likakata mkono wa mtu. Agiza picha nzima, ukingo mweupe ubaki.

Chogo

Mnamtisha bure. Achapishe kwenye flekisi, lile turubai la plastiki, kama mabango mengine, bei ni ya chini na anapata saizi anayotaka. Watu wakisimama mbali hawaoni tofauti.

Lenzi 254

Chogo, kwa bango la barabarani nakubaliana nawe. Lakini hapa mgeni atasimama mbele ya uso wa mama mmoja na atasogea. Flekisi inang'aa na haina ule undani wa weusi, sehemu za kivuli zinaungana zinakuwa doa moja.

Dada, niko Nairobi na nimeshafanya maonyesho kadhaa. Mlango unaofaa kuubisha ni wa mchapaji mwenye printa ya wino wa pigimenti, yaani wino wenye chembe za rangi, zile zenye wino kumi na zaidi, kama Epson SureColor P900 au Canon imagePROGRAF PRO-1000. Zina aina kadhaa za wino mweusi na wa kijivu, na ngozi zetu zinaishi humo humo kwenye weusi na kahawia. Wino wa pigimenti pia unavumilia mwanga miaka mingi kuliko wino wa kawaida wa rangi iliyoyeyushwa.

Karatasi: kwa kazi yako ningechagua isiyong'aa, ya pamba, kama Photo Rag ya Hahnemühle ya gramu 308 kwa mita ya mraba. Kuta za chokaa na madirisha makubwa ni mwanga wa kuakisi kila upande, karatasi ya kung'aa itakupa taswira ya dirisha juu ya sura ya mama. Ila isiyong'aa weusi wake si mzito sana. Ukitaka weusi mzito, karatasi za barita, zenye tabaka jeupe la madini chini ya wino, ziko katikati, zinang'aa kwa upole. Mwombe mchapaji profaili, yaani faili linaloeleza rangi zinavyotoka kwenye karatasi hiyo kwa printa yake, kisha kwenye programu ya Lightroom uangalie jinsi picha itakavyokaa kabla wino haujamwagika.

Na bajeti yako, kusema kweli, haitoshi picha 18 za A2 kwa karatasi hiyo pamoja na fremu. Chagua chache ziwe kubwa. Picha 18 za ukubwa mmoja zikipangwa mstari mmoja zinachosha hata macho.

Mzee wa Chumba cha Giza

Wanangu, nimesoma yote. Binti, usilie, mwanangu.

Mimi nilianza enzi ya kusafisha picha kwa dawa, chumbani, taa nyekundu. Hapo Mji Mkongwe kuna Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Siku ukipita ingia uzitazame zile picha za zamani za nyeusi na nyeupe, uone weusi wenye uhai unavyokuwa.

Hilo la nyuso kupotea lina historia, na nakuambia ili ujue kwamba si mkono wako mbovu. Maabara za rangi zilikuwa zikirekebisha mashine kwa kadi zilizotoka Kodak, zenye picha ya mwanamke wa kizungu. Waliziita kadi za Shirley. Mashine ikishampendeza Shirley, imekwisha, sisi tunatoka giza tupu, meno na macho tu. Katika miaka ya 1990 ndipo Kodak wakatoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Mashine za siku hizi ni bora, lakini nyingi za kusafisha picha madukani bado zinajirekebisha zenyewe. Zikiona picha ina weusi mwingi zinadhani kuna kosa, zinaivuta mpaka ngozi inakuwa kijivu cha majivu. Mwambie mwenye mashine azime marekebisho yote. Mwambie kwa mdomo, mwandikie pia, na siku ya kazi simama pale pale.

Sasa nikupe kazi ya zamani. Sisi hatukuchapa picha nzima mpaka tumekata vipande vya majaribio. Kata ukanda wa upana wa sentimita kumi kutoka faili la kila picha iliyo ngumu kuchapa, ukanda upite usoni, penye kanga na penye maji. Upange kanda kadhaa kwenye karatasi moja ya A3, karatasi ile ile utakayotumia. Chapa mara tatu: kama ilivyo, iliyoongezwa mwanga kidogo, na iliyoongezwa zaidi. Nyuma ya kila ukanda andika kwa penseli umefanya nini. Kisha usizihukumu dukani. Zipeleke kwenye ukumbi wenyewe, uzibandike ukutani, uzitazame saa nne asubuhi na uzitazame usiku chini ya taa.

Na jambo la mwisho. Azima ile kanga. Kanga yenyewe, nguo, uende nayo.

Bint Kusini

Shikamoo babu. Nimesoma maneno yako mara tatu. Kanga ni ya mama, ipo.

Fundi Fremu, Mombasa

Dada, wenzangu wamemaliza ya wino, mimi niseme ya fremu, kwa maana pwani hii picha nzuri hufa ndani ya fremu mbaya.

Unachapa wakati wa masika. Hewa imejaa maji na karatasi ya pamba inayanywa. Picha ikitoka kwenye printa usiitie kwenye kioo siku hiyo hiyo, iache ilale bapa siku nzima, imefunikwa karatasi safi, wino upumue. Ukiiwahi, kioo kitapata ukungu kwa ndani na itabidi tufungue upya.

Picha isiguse kioo kabisa. Ikigusa, unyevu ukiingia itagandamana nacho, na ukija kuibandua inaacha ngozi. Weka ile kadi yenye dirisha inayoizunguka picha, iwe isiyo na asidi, inatosha kuacha nafasi. Nyuma mafundi wengi tunatia hadibodi, sawa, lakini kati ya hadibodi na picha pawe na kadi safi. Selotepu usiiruhusu: baada ya mwaka inageuka manjano na doa linapenya. Picha inashikwa kwa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyepesi na gundi ya wanga, ining'inie, ipate nafasi ya kutanuka. Ukiibana pembe nne itafanya mawimbi.

Na kuta za chokaa hutoa jasho. Gonga vipande vidogo vya kizibo nyuma ya fremu, pembe za chini, hewa ipite.

Kama fedha ni chache, punguza fremu usipunguze kadi. Fremu ya mbao nyembamba isiyo na nakshi inapendeza kuliko ya plastiki ya dhahabu.

Mchapaji wa Ilala

Naongeza kidogo kwenye hesabu. Rola ya karatasi ya inchi 24, ya printa kubwa, ina upana wa milimita 610. A3 mbili zikisimama bega kwa bega ni milimita 594. Kwa hiyo agiza A3 kwa jozi, mchapaji asikutoze karatasi tupu. Na ukizichukua Dar, usizikunje kwenye bomba kwa ajili ya boti. Zilaze kati ya mbao mbili nyepesi, zifunge kwenye nailoni, zishike mwenyewe.

Chogo

Nimeelewa, naondoa la flekisi ukumbini. Lakini dada, Paje na Jambiani kuna wangapi watakaopata nauli na siku nzima ya kwenda mjini? Flekisi tatu nne zinavumilia jua na mvua. Zifunge pale wanapoanikia mwani.

Bint Kusini

Chogo, Mungu akubariki. Sikulifikiria hilo, na lilitakiwa liwe la kwanza kichwani mwangu. Nitafanya.

Bint Kusini (baada ya siku 16)

Wanajamvi, narudi na majibu.

Nilishusha skrini kama nilivyoelekezwa, nikarekebisha picha zote upya. Nimezipunguza zikawa 14: tano za A2, tisa za A3, na za simu zote zimo kwenye A3. Nimepata mchapaji Dar mwenye printa ya pigimenti, na alikubali kuchapa kanda za majaribio kwanza. Nilizibandika ukumbini. Asubuhi ukanda wa pili ulikuwa ndio, usiku chini ya taa ukaonekana mzito. Nikachagua wa tatu, na taa nitazisogeza zimulike kwa mshazari.

Kisha nikaenda na kanga dirishani. Ya kwenye karatasi ilikuwa bado imeelemea rangi ya chungwa. Mchapaji akagusa nyekundu kidogo, akachapa ukanda mwingine, nikaweka nguo juu yake. Babu, sikuona mpaka wa nguo na karatasi.

Jana nilimpelekea mama A2 ya kwanza, yeye yumo ameipa kamera mgongo, ameinama majini, kanga kiunoni. Haoni vizuri siku hizi. Aliisogeza puani, akapitisha kidole bila kugusa, akasoma jina la kanga herufi kwa herufi: «Wema hauozi». Halafu akauliza kwa nini sikumwambia fundo lilikuwa limelegea siku ile.

Flekisi nne zinachapwa wiki ijayo. Fundi wa Mombasa, nakutumia vipimo vya fremu leo jioni.