Dawa ya chunusi na masikio kupiga mlio, kuna aliyepitia hii?

Kijana wa Kimara
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa wanaojua. Nna chunusi za miaka mingi, zile kubwa za kuvimba mashavuni na mgongoni zinazoacha makovu, nimepaka kila kitu ikashindikana mpaka daktari wa ngozi akanianzishia vidonge vya isotretinoini na kusema ukweli uso umeanza kutulia. Shida ni masikio. Siku za karibuni sikio la kulia linapiga mlio mwembamba kama mbu, mchana kwenye makelele ya Morogoro Road siusikii, ila usiku umeme ukikatika feni ikanyamaza hapo ndo unakuja wote, silali. Na simu nikiweka sikio hilo naona mtu anaongea kwa mbali, inabidi nihamishie kushoto. Washkaji wananiambia dawa ya uso inaingiaje masikioni, hiyo nta tu. Dawa sitaki kuiacha maana huu uso umenitesa sana, lakini masikio nayo nayataka jamani.

Mama wa Tabata
Pole sana mwanangu. Binti yangu alitumia hizo hizo, midomo ikamkauka mpaka inapasuka, pua ikawa inatoa damu, na masikio ndani yanawasha yanatoa magamba. Tukampeleka kwa daktari wa masikio akamtoa donge la nta gumu, jeusi, akasikia vizuri palepale. Tulielezwa kwamba hii dawa inakausha mafuta ya ngozi mwili mzima, na kwenye tundu la sikio nako kuna tezi za mafuta, kwa hiyo ngozi ya humo inakauka na nta inagandamana. Nakuomba tu usichokonoe na vijiti vya pamba wala njiti ya kiberiti, unaisukuma nta ndani zaidi.

Mshubiri ndo dawa
Kijana achana na hayo madawa makali, paka mshubiri usiku na sikioni dondoshea mafuta ya kitunguu saumu ya uvuguvugu, utakuja kunishukuru.

Famasi Kariakoo
Mkuu wa mshubiri, kwenye ngozi paka ukipenda, ila sikioni tafadhali usimshauri mtu adondoshee chochote wakati hajaangaliwa ndani, ngoma ya sikio ikiwa imetoboka unampa matatizo mengine.

Kijana, kwanza hao washkaji wako wakumbushe kwinini. Nani aliyemeza kwinini akasahau masikio yalivyokuwa yanalia? Dawa umemeza tumboni lakini ikishaingia kwenye damu inafika kote. Isotretinoini ni ndugu wa vitamini A, Marekani iliruhusiwa 1982 kwa jina la Accutane, na sehemu nyingine inajulikana kama Roaccutane. Kwenye ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi (wengi hawaioni maana wanauziwa strip tupu, jambo linaloniuma sana) matatizo ya kusikia yameandikwa kabisa. Karatasi za Ulaya zinayaweka kwenye kundi la nadra sana, yaani hayafiki mtu 1 kati ya 10,000, wakati midomo na ngozi kukauka kunawapata zaidi ya mtu 1 kati ya 10. Za Marekani zinasema usikivu kupungua kumeripotiwa, na kwa wengine ukaendelea hata baada ya kuacha dawa, ingawa haijathibitishwa kama dawa ndo chanzo. Sasa ukisikia nadra usidharau, kwa sababu maelekezo yenyewe yanasema ukipata mlio au usikivu ukishuka simamisha dawa, upelekwe kwa mtaalamu. Inawezekana ni nta kama ya binti wa mama hapo juu, na ikiwa hivyo tutashukuru, ila huwezi kulijua hilo ukiwa umelala chumbani unasikiliza mlio. Anayejua ni daktari aliyechungulia ndani na kukupima usikivu.

Halafu niambie, kuna dawa nyingine yoyote unameza? Hata ya kifua, hata virutubisho.

Dada Mbagala
Samahani naingilia, mi rafiki yangu kanigawia vidonge vyake vya hiyo hiyo vilivyobaki, nianze tu?

Famasi Kariakoo
Dada usianze kabisa. Mwanamke akiwa na mimba akameza hii dawa mtoto anaweza kuharibika vibaya, moyo, ubongo, uso, na masikio yenyewe, wapo wanaozaliwa na sikio dogo sana au tundu la sikio halipo. Ndo maana kabla ya kupewa unapimwa mimba na unatumia uzazi wa mpango kuanzia mwezi mmoja kabla, muda wote wa dozi na mwezi mmoja baada ya kumaliza. Na kuna vipimo vya damu vya ini na mafuta. Rudisha vidonge famasi, nenda kwa daktari wa ngozi uanze upya.

Kijana wa Kimara
Asanteni sana. Famasi, kuna doksi (ile antibiotiki ya doxycycline) nilipewa zahanati ya mtaani kwa ajili ya kifua, bado naendelea nazo, hawakuniuliza natumia nini. Halafu umenikumbusha, asubuhi naamka kichwa kinauma kweli, nikajua ni kukosa usingizi.

Famasi Kariakoo
Sasa nisikilize vizuri. Doksi na isotretinoini haziendi pamoja. Kila moja peke yake inaweza kupandisha presha ya maji yanayozunguka ubongo (sio hii presha ya kupima mkononi) na ukizichanganya hatari inaongezeka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika, macho kuona ukungu au vitu viwili viwili, na mlio masikioni, hasa ule unaodunda sawa na mapigo ya moyo. Sisemi ndo unayo, ila ikiachwa inaweza kuharibu macho moja kwa moja. Usimeze tena hata moja mpaka uonwe na daktari, na iwe leo, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Unaonaje macho?

Kijana wa Kimara
Macho naona sawa. Mlio haudundi, umenyooka tu. Kaka yangu ana gari, tunaelekea Muhimbili sasa hivi, boksi zote mbili ninazo.

Famasi Kariakoo
Safi. Waambie kila moja ulianza lini na unameza ngapi, na uwaombe wakuangalie nyuma ya jicho, sio sikio peke yake. Kama una vidonge vya vitamini A au mafuta ya ini la samaki nyumbani usiguse. Na muombe daktari ajaze taarifa ya madhara ya dawa iende TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania), akisahau ingia famasi yoyote wakusaidie kuijaza.