Mbona chanjo ya MERS haijapatikana hadi leo?

Mdadisi
Wakuu, naomba ufafanuzi. Virusi vya MERS, ugonjwa wa njia ya hewa unaosababishwa na virusi vya jamii ya korona, vilitambuliwa Saudi Arabia mwaka 2012, na zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa waliothibitishwa wamefariki. UVIKO-19 ilizuka baadaye sana, lakini chanjo yake ilipatikana ndani ya mwaka mmoja. Kilichokwamisha ile ya MERS ni sayansi au ni fedha? Nauliza kwa sababu ngamia wanaobeba virusi hivi wamejaa kaskazini mwa Kenya, na damu yao iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1990 ilikutwa na kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi.

Mtu wa Maabara
Sayansi ilifika mbali, Ndugu Mdadisi. Chanjo ya Oxford inayobebwa na virusi vya adeno vya sokwe (virusi vilivyodhoofishwa, vinavyoingiza mwilini maelekezo ya kutengeneza kipande cha virusi vinavyolengwa) ilianza kujaribiwa kwa watu dhidi ya MERS mwaka 2018, Uingereza na baadaye Saudi Arabia, na chombo hicho hicho ndicho kilichopakiwa mzigo mwingine ikapatikana chanjo ya UVIKO-19 ya AstraZeneca. Kuna jambo kubwa zaidi. Mwiba ambao virusi hutumia kuingilia seli hubadilika umbo upesi, na kingamwili zinazolenga umbo lililokwisha kubadilika hazifai sana. Watafiti wa Marekani waliokuwa wakiuchunguza mwiba wa MERS waligundua kwamba ukiweka prolini mbili (prolini ni mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini) mahali panapostahili, mwiba hutulia katika umbo lake la mwanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na mbinu hiyo ndiyo iliyotumika katika chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna. Kwa hiyo ule "mwaka mmoja" unaosifiwa una deni kwa MERS.

Kilichokwama ni awamu ya tatu ya majaribio, ile ya kuthibitisha kwa watu wengi kwamba chanjo inakinga. Wagonjwa waliothibitishwa duniani kote ni takriban 2,600, na hutokea mmoja mmoja au kwa mlipuko wa hospitalini, kama ule wa Korea Kusini mwaka 2015 uliofikisha wagonjwa 186 ukazimwa baada ya miezi michache. Utamchanja nani, wapi, ili uthibitishe kwamba chanjo inakinga? Fedha nazo hufuata soko, na soko hapa halipo.

Daktari wa Mifugo, Isiolo
Mimi ningeanza na ngamia. Wanaotoa virusi kwa wingi ni ndama, na dalili huwa ni kamasi tu. Mchungaji humpangusa ndama pua kwa kiganja, kisha akaendelea kukamua. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba ngamia waliochanjwa walitoa virusi vichache mno kuliko wasiochanjwa.

Mdadisi
Shukrani, Daktari. Lakini mfugaji atakubali kugharamia chanjo ya ugonjwa usiomuua ngamia wake?

Daktari wa Mifugo, Isiolo
Kwa MERS peke yake, hatakubali, na simlaumu. Ila chanjo hiyo ilibebwa na virusi vya jamii ya ndui vilivyodhoofishwa, na ngamia wale walipata pia kingamwili dhidi ya ndui ya ngamia. Ndui mfugaji anaijua, maana humlaza ndama na kumharibia bei sokoni.

Mtu wa Maabara
Naafiki, kwa tahadhari moja: ngamia mwenye kingamwili za asili huweza kuambukizwa tena, hivyo ni lazima ijulikane kinga ya chanjo hudumu muda gani kabla ya kupanga ratiba ya kuchanja ndama.